Msumeno wa Meza wa Betri: Unafaa Kununuliwa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Kisumu, upande wa Kibuye, na kazi inayonilisha ni makabati ya jikoni na ya vyumba vya kulala. Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikitembea na msumeno mdogo wa meza unaotumia betri. Nikiushusha kwenye saiti, lazima mtu ainame achungulie chini ya meza akitafuta waya. Asipouona, anaanza kuuliza, na maswali ni yaleyale kuanzia Busia mpaka Nakuru. Haya hapa majibu yangu.

Niambie kwa neno moja, ninunue ama nisinunue?

Kama wewe ndiye unayeifuata kazi, nunua. Kama kazi ndiyo inayokufuata karakanani, weka pesa yako.

Fundi anayepachika makabati Riat leo, Mumias kesho na Njoro wiki ijayo anahitaji kukata kipande upya palepale kinapokaa. Uliupima ukuta ukiwa plasta tupu. Unarudi na kabati lako kumbe mtu wa vigae ameshapita, na ile nafasi ya milimita 598 imebaki 580. Hapo bila msumeno wa meza utaomba pikipiki ikurudishe mjini na ubao kwapani, au utakaa chini na randa mpaka jua lizame. Ukiwa nao, unasogeza fensi, ile reli ya pembeni inayoongoza mbao, unapitisha, unafunga skrubu, mnakunywa chai.

Lakini yule anayetengeneza vitanda na sofa mahali pamoja, stima iko ukutani, wateja wanakuja wenyewe? Huyo anunue msumeno mkubwa wa waya. Atapata nguvu zaidi kwa pesa kidogo.

Hii ni mashine gani hasa?

Chukulia msumeno wa mviringo umepinduliwa, ukafungwa chini ya meza ndogo, bledi ikachomoza juu. Mbao ndiyo inayosukumwa, bledi imekaa. Usiichanganye na pawasoo ya kuangushia miti, maana nimewahi kupigiwa simu na mtu wa Vihiga akitaka nimkatie mkaratusi uliosimama.

Unaojulikana sana ni DeWalt DCS7485 wa volti 54. Bledi yake ni milimita 210, inakwenda kina cha milimita 65 ikiwa wima na 45 ikilazwa nyuzi 45. Fensi inafunguka mpaka sentimita 61. Uzito wake ni kilo 20 na kitu, kwa hiyo mtu mmoja anaubeba ngazi mbili bila kumwita mwenzake, ya tatu anapumzika. Milwaukee wana wao wa volti 18 wenye bledi ya inchi 8 na robo, Bosch wana wa milimita 216, na Metabo walitoa mkubwa zaidi wa betri mbili, bledi milimita 254.

Ile sentimita 61 si ya bahati. Bodi ya futi 8 kwa 4 ina upana wa sentimita 122. Yaani msumeno unafika katikati ya bodi, basi, hauendi mbele zaidi.

Huku kwetu stima hupotea sana. Hiyo peke yake si sababu tosha?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu.

Najua tunakotoka. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, na hata bila siku kama hiyo kuna mitaa ambayo mvua ikinyesha tu, stima inaaga. Lakini betri pia inajazwa na stima. Ikipotea saa tatu asubuhi na ulikuwa na betri mbili zilizojaa, utakata mpaka saa tano au sita, kisha utakaa kwenye benchi na wenzako mkitazamana. Kwa karakana isiyohama, jenereta ndogo ya kilowati 3 na msumeno wa waya vitakutoa siku nzima, na jenereta hiyohiyo itaendesha randa na kompresa.

Shida ambayo betri inaitibu vizuri ni nyingine: stima iliyopo lakini haina nguvu. Nyumba inajengwa, mita haijafungwa, mwenye nyumba amekuvutia waya kutoka kwa jirani. Mita 60 za ekstensheni nyembamba, iliyoungwa mara tatu kwa selotepu. Msumeno wa wati 1,800 ukiwashwa hapo unalia kama mbuzi, volti zinashuka, mota inapata moto, na siku moja utanusa harufu ya waya kuungua. Chaja ya betri haina makuu hayo. Nyingi hunywa wati mia moja hadi mia tatu hivi, kwa hiyo hata ekstensheni ya jirani inatosha, hata sola yenye inveta ndogo ya nyumbani inatosha. Ndivyo nilivyofanya kazi Mfangano: nilivuka kwa boti kutoka Mbita, msumeno umefungwa ndani ya nailoni chini ya kiti, na pale nyumbani kwa mteja betri zilijazwa na sola ya kuwashia taa na televisheni. Watoto walikosa katuni siku mbili. Nimeomba msamaha.

Betri moja inapasua mbao kiasi gani?

Usiulize "inakaa saa ngapi", kwa sababu mashine haikati muda wote. Uliza ina nguvu kiasi gani ndani. Chukua volti, zidisha kwa ampea za saa. Betri ya volti 18 yenye ampea 6 ni 108. Ya volti 18 yenye ampea 12 ni 216. Hizo ni wati za saa, na hizo ndizo unazonunua. Maneno mengine kwenye boksi ni mapambo.

Sasa tuseme unapasua mkaratusi mkavu wa inchi 2 na mota inakula wati 1,500. Gawanya 108 kwa 1,500: unapata dakika 4 na kidogo. Ukisukuma mita 2 kwa dakika, umepasua mita 8 na nusu hivi. Hizo ni mbao mbili za futi 10, na ya tatu haifiki mwisho. Betri imekwisha, unanuna.

Blokubodi ya milimita 18, ile bodi ya vipande vya mbao vilivyogundishwa, ni habari nyingine. Mzigo unaweza kuwa theluthi ya ule, na unasukuma haraka zaidi, kwa hiyo betri hiyohiyo inaweza kukupa mita 30 na zaidi. Mimi jiko la kawaida nalimaliza kwa betri mbili, moja ikikata nyingine ikiwa kwenye chaja. Lakini kumbuka kwamba hilo ni jiko ambalo vipande vikubwa vilishakatwa karakanani. Saiti ninarekebisha tu.

Kujaza betri yenyewe ni bei rahisi. Hata ukihesabu uniti moja shilingi 30, betri ya 108 haifiki shilingi 5.

Na mbao ngumu? Mvule, mahogany?

Inakata, ila inataka adabu. Bledi yenye meno machache, 24 hivi, iliyonolewa, na usukume taratibu. Mvule una tabia ya kuficha vijiwe vya chokaa ndani ya mbao. Huvioni mpaka bledi ilie "krrr" na meno yawe butu. Vumbi lake pia si la mchezo, linawasha ngozi na linabana kifua, kwa hiyo funga barakoa hata kama uko nje na upepo wa ziwa unavuma.

Adui mkubwa kuliko ugumu ni ubichi. Tangu ukataji miti kwenye misitu ya serikali uliposimamishwa Februari 2018, yadi zilijaa mbao za mashambani: grevilea, mkaratusi, saiprasi wa umri mdogo. Na hata baada ya kutangazwa Julai 2023 kwamba marufuku imeondolewa, bado unauziwa mbao ambayo wiki iliyopita ilikuwa mti. Mbao mbichi ukiipasua inajifunga nyuma ya bledi. Msumeno wa waya wa kilowati 2 utailazimisha. Wa betri utazima wenyewe ili kujilinda, na wewe utadhani umeharibika. Haujaharibika, mbao yako ndiyo haijakauka.

Kama una mzigo wa mbao nene za kupasua, nyingi, peleka yadi uliyonunulia. Wana mashine kubwa, wanatoza kwa futi, na kwa saa moja wamefanya kazi ambayo betri zako zingekuchukua siku mbili.

Mbao zilizotoka kwenye fomwaki, yaani zilizoshikilia zege ikimwagwa, zile zenye saruji na misumari iliyovunjikia ndani, usizipitishe kabisa.

Nimeona betri imeandikwa volti 288 na bei ni nafuu. Vipi?

Hiyo ni hadithi ya sungura na fisi, na fisi ni wewe.

Ndani ya betri ya msumeno kuna seli ndogo za lithiamu. Kila seli ina volti 3.6 za kawaida, na ikijaa pomoni inafika 4 na kidogo. Seli tano zikiungwa mstari mmoja ni volti 18. Zikitoka tu kwenye chaja zinasoma 20 au 21. Kwa hiyo betri ya "18" ya Ulaya na "20" ya Marekani ni kitu kilekile. Seli kumi na tano ni volti 54, ambazo Wamarekani wanaziandika 60. Ili ufike volti 288 ungehitaji seli 80 mstari mmoja, na betri ingekuwa kubwa kama kreti ya soda. Hiyo unayoiona, ambayo inaingia kwenye kiganja, ina seli tano au kumi, basi. Iliyobaki ni wino.

Mashine zenyewe wakati mwingine si mbaya kwa drili au kwa kupogolea ua. Kwa msumeno wa meza, ambao unaomba nguvu nyingi kwa mkupuo, seli dhaifu zinapata moto haraka. Nilinunua betri moja kama hiyo, na baada ya miezi mitano ilikuwa inatumika kuzuia mlango wa karakana usifungwe na upepo.

Shemeji yangu yuko Marekani. Aninunulie huko?

Anaweza, lakini mpigie simu kabla hajaingia dukani.

Kwanza, chaja. Zinazouzwa Marekani nyingi ni za volti 120 na sisi tuna 240. Ukiichomeka moja kwa moja inalipuka pale pale. Hilo ninalijua kwa pua yangu: ya kwanza niliyoletewa ilidumu sekunde moja, ikatoa moshi mweusi mbele ya mteja. Soma kibandiko nyuma yake. Kama hakijaandikwa mpaka 240, nunua chaja ya betri hizo iliyotengenezwa kwa Uingereza, ambayo pia inakuja na plagi ya miguu mitatu kama zetu. Msumeno wenyewe hauna shida, kwa sababu betri haijui iko nchi gani.

Pili, ndege. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mzigo unaowekwa chini, zinabebwa mkononi. Zikizidi wati za saa 100 abiria anahitaji ruhusa ya shirika la ndege, na zikizidi 160 haziruhusiwi kwa abiria kabisa. Sasa rudi juu uangalie zile hesabu: ya 108 inaomba ruhusa, na ya 216 itanyang'anywa uwanjani.

Tatu, tundu la katikati ya bledi. Misumeno ya Marekani ina tundu la inchi 5/8, karibu milimita 16. Ya Ulaya mara nyingi ni milimita 30. Ukija na wa Marekani, mwambie shemeji aongeze bledi tatu nne kwenye begi. Nne, waranti ya kule usiitegemee huku.

Kwa bei, seti yenye betri na chaja kule mara nyingi huwa kati ya dola 500 na 700. Kwa dola ya shilingi 130 hiyo ni 65,000 hadi 91,000, kabla ya usafiri na ushuru.

Bledi zinapatikana huku?

Madukani Kisumu na Nakuru utapata kwa urahisi za inchi 7 na robo, za 9 na za 10. Ile ya inchi 8 na robo, yaani hiyo ya milimita 210, inakutembeza. Nenda na bledi ya zamani mkononi, ilinganishe tundu na unene, usikubali "hii itaingia tu boss". Meno 24 ni ya kupasua, meno 40 hadi 60 ni ya blokubodi na MDF, ile bodi ya unga wa mbao, ili ukingo usimeguke. Tafuta iliyo nyembamba, maana kila milimita ya mbao unayogeuza vumbi inalipwa na betri. Usichukue tu nyembamba kuliko kisu cha nyuma ya bledi, kile kinachoweka ufa wa mbao wazi, la sivyo mbao itakwama hapo.

Si afadhali msumeno wa mviringo wa betri, ule wa kushika mkononi?

Swali zuri kuliko yote, na watu wachache huliuliza.

Kwa kugawanya bodi nzima ya futi 8 kwa 4, naam, afadhali huo wa mkono. Meza ndogo kama hii haiwezi kubeba bodi kubwa. Utahitaji watu wawili na kiti cha plastiki upande wa pili, na bado itayumba. Laza bodi chini juu ya mbao mbili, funga ubao mnyoofu kwa klampu uwe reli, pitisha msumeno wa mkono. Una kilo 3 au 4 tu na bei yake iko chini sana.

Msumeno wa meza unashinda pale unapotaka vipande vingi vya upana mmoja. Vipande 20 vya sentimita 7 vya kufungia kingo, fito za kufunika nyufa, fremu za milango. Ukiweka fensi mara moja, cha kwanza na cha ishirini vinalingana. Ukijaribu hivyo kwa msumeno wa mkono, utaumia mgongo na vipande havitalingana.

Fundi anayeanza na hana hata kimoja, ningemwambia anunue wa mkono kwanza, afanye kazi mwaka mmoja, kisha arudi kwa swali hili. Na anunue wa kampuni ambayo baadaye atanunua meza yake, ili betri zishirikiane. Ndivyo mimi nilivyofika hapa: nilikuwa na drili na betri tatu tayari, kwa hiyo meza niliinunua bila betri.

Wanasema mota haina kaboni. Ina maana gani?

Zile kaboni mbili unazobadilisha kwenye grainda zinapokwisha na kutoa cheche, humu hazimo. Mota inaendeshwa na sakiti ndogo. Haichakai hapo, na inatumia betri vizuri zaidi. Ubaya ni kwamba ile sakiti ikifa, fundi wa grainda wa mtaani hawezi kukusaidia.

Joto la Kisumu halitaua betri?

Linaweza, ukiwa mzembe. Usiache betri ndani ya Probox iliyoegeshwa juani. Betri ikitoka kwenye kazi nzito ikiwa ya moto, chaja nyingi hukataa kuijaza mpaka ipoe, na huko si kuharibika. Iweke kivulini robo saa. Kinyume chake pia kipo: wenzangu wa Molo na Mau Narok, asubuhi yenye jalidi chaja inaweza kukataa kwa sababu ya baridi. Laleni na betri ndani ya nyumba.

Kwa kuwa ni ndogo, ni salama zaidi?

La hasha. Bledi ya ule DeWalt inazunguka mara 5,800 kwa dakika. Kidole hakijui kama kimekatwa na stima au na betri.

Kinachoumiza sana si kukatwa, ni teke. Mbao ikijibana kati ya fensi na nyuma ya bledi, inarushwa ikurudie tumboni kabla hujapepesa jicho. Ndiyo maana kuna kile kisu cha nyuma kinachoweka ufa wazi. Mafundi wengi wanakitoa siku ya kwanza wakisema kinawasumbua. Kirudisheni. Simama kando kidogo, usisimame kwenye mstari wa bledi. Kipande chembamba kisukume kwa kijiti. Usivae glavu, zinavuta mkono ndani. Na kwa kuwa mashine hii haina plagi ya kuchomoa, toa betri kabla ya kugusa bledi na kila unapokwenda kula. Saiti zetu zina watoto, na swichi yake ni kubwa na nyekundu.

Na meza nyepesi inasogea. Ifunge kwa klampu juu ya kitu kizito. Mimi ninaifunga juu ya kreti mbili za soda zenye mchanga.

Itarudisha pesa yangu?

Hesabu safari. Kabla ya kununua niliandika kwenye daftari kila mara niliporudi karakanani kukata kitu upya. Jiko moja la Kakamega lilinirudisha mara mbili, kilomita hamsini na kitu kwenda tu, na kila safari ilikula nusu siku yangu na ya kijana wangu. Kwa miezi mitatu nilikuwa na safari 11. Wewe fanya hivyo kwa mwezi mmoja. Ukiona safari ni moja au hakuna, umeshapata jibu na hujatumia hata shilingi.

Naweza kukodi wako?

Hapana. Nimeshakopesha randa, ikarudi bila kisu.

Lakini Jumamosi mchana huwa niko karakanani. Njoo na mbao yako mwenyewe, ile unayoikata kila siku, si ya maonyesho. Tutaweka betri iliyojaa, utasukuma wewe, mimi nitasimama kando nikihesabu futi mpaka izime.